Miguu ya Fundi Bamoye

Kwa miaka mitatu mji mzima ulimpongeza Bamoye kwa ugonjwa wake. Uso ulimjaa ukawa duara, shingo ikanona kwa nyuma, kitambi kikatangulia kanzu, na watu wa Jenne wakaona neema imemwingia fundi wao wa nyumba za udongo. "Hawoye anakulisha, ee!" walimwambia kwenye soko la Jumatatu, wakimgonga tumboni. Hakuna aliyetazama chini ya kanzu, ambako mapaja yalikuwa yakiisha mwezi hadi mwezi, wala aliyeuliza kwa nini mikono yake iliota mabaka ya zambarau kila ilipogusana na ngazi. Sisi watu wa hapa tukimwona mtu amenenepa, basi, maswali yamekwisha.

Aliyeuliza ni Hawoye mwenyewe, mkewe. Asubuhi moja alimwona mumewe amekaa kwenye kigoda cha kunywea chai, anataka kuinuka, hainuki. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu akashika jiko la mkaa lenye moto ili ajisukume, akaungua kiganja, na bado hakuinuka. Na huyu ni mtu aliyekuwa akiupanda ukuta wa udongo wa msikiti mkuu kwa kukanyaga vijiti vilivyochomoza ukutani, kimoja hadi kingine, kapu la matope begani, tangu ana miaka kumi na minne.

Huko Bamako walimpima damu, mkojo na kichwa, mwishowe daktari mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya kugombeza, akamweleza mambo yalivyo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Kwenye tezi hiyo kulikuwa kumeota kivimbe, na kivimbe hicho kilikuwa kikiuamrisha mwili utengeneze homoni kupita kiasi, hadi homoni hiyo ikala nyama ya mapaja na mabega huku ikimjaza mafuta tumboni. Wakakitoa kwa kupitia puani. Hilo la pua Bamoye alilisimulia kila kona aliporudi, na watu walishika pua zao kwa mshangao. Asichosimulia ni maneno ya mwisho ya yule daktari.

"Uvimbe umetoka, baba, lakini nguvu hazijarudi. Zitarudi polepole. Mwaka, pengine miwili. Pengine si zote. Na vidonge hivi, asubuhi na adhuhuri, usikose hata siku moja, maana mwili wako kwa sasa umelala, hautengenezi chake. Siku ya homa, siku ya msiba, siku ya kazi nzito, unaongeza. Ukikosa utaanguka, na unaweza usiinuke. Umenisikia?"

Alimsikia. Na aliporudi nyumbani akasema amepona.

Kwani angesema nini? Hapa kwetu kila nyumba ina fundi wake, na fundi haokotwi barabarani. Baba yako alipiga matope ukuta wa baba yangu, wewe utapiga wangu. Bamoye alikuwa na nyumba kumi na moja alizorithi kwa baba yake. Kila mwaka kabla ya mvua anazipaka matope mapya, paa likivuja anapanda yeye, na mtu wa nyumba hiyo akifa, fundi ndiye anayemchimbia kaburi na kushuka ndani yake, akampokea, akamlaza. Nyumba haimwachi fundi wake kwa ugomvi wala kwa ukali wa maneno. Humwacha kwa jambo moja tu, nalo ni kuwa hawezi tena kupanda wala kushuka.

Kwa hiyo Bamoye akawa mtu wa hila. Msikitini alihamia pembeni, kwenye nguzo, na kila alipotoka kwenye sijida mkono wake wa kushoto ulipanda ile nguzo kimyakimya kama mjusi. Kwenye vikao vya chai alikataa kigoda. "Nimekaa sana hospitali," alisema, akanywa glasi zake tatu amesimama. Kazini alimtanguliza Lasine, mtoto wa dada yake, mwanamume wa miaka thelathini na mgongo wa ng'ombe wa jembe, yeye akabaki chini kupiga kelele.

"Huo ni upakaji au unapaka mtoto mafuta? Kandamiza!"

"Mjomba, njoo juu unionyeshe basi."

"Nikija juu nitakutupa chini. Kandamiza nimesema!"

Watu wakacheka, wakasema fundi amepona kweli, ukali wake umerudi. Lasine naye hakujua kitu.

Nyumbani, mlango ukishafungwa, Hawoye alileta kiti cha mbao na kukiegemeza ukutani. Daktari alikuwa ameagiza hivyo: kaa, inuka, kaa, inuka, bila mikono. Mwezi wa kwanza aliinuka mara mbili, mapaja yakitetemeka hadi kiti kinagongagonga ukuta. Mwezi wa nne mara sita.

"Sita na nusu," alisema Bamoye, akihema.

"Nusu iko wapi? Makalio yalibaki kwenye kiti."

"We mwanamke huna huruma."

"Huruma ninayo, nguvu za kukubeba ndizo sina. Mume wangu, waambie watu. Mwambie hata Lasine."

"Niwaambie nini? Kwamba fundi wao anainuliwa na mkewe?"

Hawoye alirudisha kiti mahali pake. Alijua mumewe anaogopa, na Bamoye alijua kwamba anajua, na hilo nalo lilimkera.

Hofu yenyewe ilikuja na jambo la ajabu. Bamoye alianza kusikiliza vikohozi vya wazee. Akipita kwenye nyumba zake alitega sikio: nani anakohoa, kikavu au cha makohozi, tangu lini. Ukuta angeweza kumpa Lasine na kusingizia jua. Kaburi asingeweza. Kaburi ni la fundi mwenye nyumba, peke yake, kwa sababu ya yale maneno. Mafundi wana maneno yao, hupewa na waliowafundisha kazi, na fundi huyanong'ona akiwa chini na maiti kabla hajatoka. Asiyepewa hatakiwi kuyasikia, yanaweza kumdhuru. Ndiyo maana midomo ya fundi ikianza kucheza mle kaburini, watu wote hurudi nyuma na kugeuza migongo. Hata mlevi wa mji huu anajua hivyo.

Aliyekuwa akikohoa zaidi ni Alfa Sori, mzee wa nyumba ya mteremkoni, aliyewafundisha nusu ya mji kusoma Kurani, Bamoye akiwamo. Bamoye alimpelekea asali. Akampelekea tangawizi. Akamletea dawa ya kifua kutoka Mopti. Mtoto mkubwa wa Alfa Sori, Usmani, alimshika mikono yote miwili: "Fundi, hata sisi wanawe hatumfanyii haya." Bamoye akainamisha kichwa kwa haya. Haukuwa wema. Kila alipomwona yule mzee amejikunja kwa kikohozi, aliona shimo.

Alfa Sori alikufa Jumatano asubuhi, kwa utulivu, baada ya uji.

Lasine alichimba, kwani jembe si mwiko; mwiko ni kushuka na maiti. Bamoye alisimama ukingoni akapima kina kwa fimbo, kisha akaenda kuchagua matofali mabichi ya kuzibia mwanandani, ule uchimbo wa ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti, akayakagua moja moja maana alitaka mikono yake iwe na kazi. Adhuhuri ikampita huko. Alipopita nyumbani kuvaa kanzu safi, Hawoye alimfuata hadi mlangoni.

"Umemeza?"

"Nitameza. Viko mfukoni."

"Meza sasa, nikuone. Leo ni siku ya kuongeza."

"Watu wananisubiri, Hawoye!"

Akaondoka. Alasiri waliswali, wakabeba jeneza, na wanawake wakabaki nyumbani kama ilivyo desturi. Makaburini umati ulikuwa mkubwa. Hata watani walikuja, maana sisi Wabozo, watu wa uvuvi, hatuziki bila Wadogon kutusumbua, na Atime, Mdogon muuza vitunguu wa sokoni, alishaanza: "Alfa Sori, umeondoka na deni langu la matusi! Nani atanijibu sasa, hawa vijana wako wanaonuka samaki?" Watu wakacheka huku wanalia.

Bamoye alivua kanzu, akamkabidhi Lasine, akakaa ukingoni, akajitelezesha chini. Kushuka si shida, mtu hata akianguka ameshuka. Kaburi lilimfika kifuani. Kijasho baridi kilishaanza kumtoka, akasema moyoni ni huzuni. Wakamteremshia maiti. Alimpokea mwalimu wake, mwepesi kama kapu tupu, akachuchumaa, akamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kisha akapanga matofali, moja, jingine, akiziba nafasi kwa matope, na mkono wake haukukosea hata kidogo. Alipoweka la mwisho akanong'ona maneno, yote, kama alivyopewa na baba yake. Akamaliza. Akataka kuinuka.

Mapaja hayakuitika.

Hayakutetemeka hata. Aliyaamuru na hayakuwapo. Akaweka viganja magotini, akasukuma, akapanda kiasi cha shubiri moja, akarudi chini na kitako kikagonga udongo. Akatafuta pa kushika. Ukuta wa kaburi ulikuwa mchanga na ulimwagika vidoleni mwake. Akajaribu kugeuka apige magoti, lakini shimo lilikuwa jembamba, na bega lake liligonga yale matofali mabichi aliyotoka kuyapanga. Akaganda. Angeyabomoa, yangemwangukia Alfa Sori.

Macho yakaanza kumwingia giza pembeni. Ndipo akakumbuka vidonge, viko mfukoni mwa kanzu, kanzu iko mkononi mwa Lasine, hatua tatu kutoka hapo. Utaanguka, na unaweza usiinuke. Pumzi ikawa fupi.

"Lasine," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Lasine. Nivute."

Juu, mtu mmoja aliiona midomo yake ikicheza, akawagusa wenzake. Usmani, mfiwa mwenyewe, akainua mikono kuwasukuma watu kwa upole: "Rudini, rudini, fundi bado anasema." Wakarudi hatua, wakageuza migongo. Bamoye aliona nyuso zikiondoka ukingoni moja baada ya nyingine, hadi pakabaki mbingu peke yake, kipande kirefu cha upana wa mkeka.

"Nisaidieni," alinong'ona. Akasikia miguu ikisogea mbali zaidi. "Jamani. Nisaidieni."

Kadiri alivyonong'ona ndivyo walivyomheshimu. Huko juu palikuwa kimya kabisa, mamia ya watu wamempa mgongo kwa adabu, na mmoja alisikika akimwambia jirani yake, "Leo anasema marefu. Alimpenda mzee." Bamoye alijua sasa kwamba anaweza kufa hapa, katika kaburi alilolipima mwenyewe, watu wake wote wakiwa karibu na kila mmoja akifanya lililo sahihi. Alikuwa na pumzi ya kelele moja. Na kelele hiyo ingekwenda na nyumba zake zote, alilijua hilo pia, na hata katika hali ile, Mungu amsamehe, alisita.

Kisha akapiga ukelele.

"Siwezi kusimama! Sisomi, jamani, siwezi kusimama! Miguu imekufa! Nitoeni!"

Hakuna aliyesogea. Waligeuka, wakatazamana, wengine wakaanza kusoma Fatiha kwa woga. Mtu aingie vipi kwenye kaburi ambalo maneno ya fundi bado ya moto? Lasine alipiga hatua moja, akakwama, uso umempauka. Aliyetoka ni Atime. Mtani hana mwiko kwetu. Alitupa kofia, akajilaza kifudifudi ukingoni, akamshika Bamoye kwapani.

"Mbozo wewe, kaburi la mwenzio unaling'ang'ania la nini? Zamu yako bado! Hebu toka, nimebeba magunia ya vitunguu mazito kuliko wewe." Alipouona uso wake kwa karibu, utani ukamwishia. "Lasine! Mshike huku! Njoo, wewe, huyu mtu anakufa!"

Wakamvuta. Alitoka kama gunia lililolowa, wakamlaza kwenye udongo wenyewe wa kaburi. "Kidonge," alisema. "Mfukoni. Viwili. Vitatu." Hapakuwa na maji ila ya birika lililoletwa kumwagia kaburi. Atime akamnywesha hayo. Watu waliona, na yupo aliyefumba macho. Kisha wakamwita kijana mwenye pikipiki, na Bamoye akapelekwa kwenye zahanati akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, akachomwa sindano, akalala huko siku mbili, akatoka hai.

Lakini alipotoka, mji ulikuwa umeshajua. Uvumi ulishafika kabla yake: kaburi limemwonja fundi, si muda litamrudia. Siku ya saba Usmani alikuja nyumbani na kokwa kumi nyeupe za kola kwenye bakuli, kama anavyobeba mtu mwenye ombi zito. Hakukaa. Mtu wa matusi angemrahisishia Bamoye, ila Usmani alikuwa mtu wa heshima.

"Baba mkubwa, sisi hatuna la kukulaumu. Ulimlaza baba yetu vizuri. Lakini nyumbani wanawake wanaogopa. Wanasema jina lako likitajwa wanasikia baridi."

"Mnataka nani?"

"Tunaomba kwako. Tupe Lasine."

Bamoye alitazama zile kola. Jambo aliloliogopa mwaka mzima lilikuwa limefika, limebeba bakuli. "Mchukueni," alisema. Usmani alipoondoka, Bamoye alilia mbele ya Hawoye waziwazi, na Hawoye hakusema nilikwambia, ingawa alikuwa na haki. Alisema, "Njoo kwenye kiti." Siku hiyo aliinuka mara nne tu.

Nyumba nyingine tatu ziliomba hivyohivyo kabla ya mvua. Bamoye alimpa Lasine nyumba, na kwa kuwa nyumba haiendi bila maneno, akampa na maneno. Alimfundisha uani, mlango umefungwa, neno kwa neno, hadi yakamkaa. Lasine alikuwa akitoka jasho.

"Mjomba, mle chini pakoje?"

Zamani angemjibu kwa kumfokea. "Panatisha," alisema Bamoye. "Mimi nimeshuka mara arobaini na kitu, na kila mara niliogopa. Sikuwahi kumwambia mtu."

Mwezi wa Agosti alifariki ndugu mdogo wa marehemu Alfa Sori, wa nyumba ileile ya mteremkoni. Bamoye alimeza vidonge vyake mbele ya Hawoye, akaongeza kimoja, akashika fimbo, akaenda makaburini kwa mwendo wake mpya wa kuyumba, bila kuuficha. Watu walimpisha. Wengine walimpisha zaidi ya adabu.

Lasine alishuka. Alipokea maiti, akachuchumaa, akapanga matofali, na Bamoye akiwa juu aliona kila tofali la mpwa wake linakaa sawa. La mwisho likawekwa. Midomo ya Lasine ikaanza kucheza, na umati mzima, kama kawaida, ukarudi nyuma na kugeuza migongo. Usmani aligusa mkono wa Bamoye amwondoe. Bamoye hakuondoka. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akabaki palepale ukingoni, miguu yake ikimuuma, akitazama chini. Yeye maneno yale yalikuwa yake, yasingemdhuru.

Aliyasikia hadi mwisho, hakuna lililorukwa. Kisha Lasine akanyamaza, na hakuinuka. Alikuwa amechuchumaa uso ukutani, mabega yamejikusanya. Midomo ikacheza tena, kwa sauti ndogo ambayo mtu aliyesimama hatua tatu asingeisikia.

"Mjomba, upo?"

"Nipo," alisema Bamoye.